Fundi wa Dakika Mbili

Kabla ya kuchagua hata shoti moja, fundi alizima picha. Kioo kikabaki cheusi, akavaa hedifoni, akaisikiliza filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kila aliposikia kitu cha kumfaa alisimamisha, akaandika kwenye daftari la shule: kasia likigonga ubavu wa boti, mama akiita jina mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini, injini ikikataa kuwaka, kunguru, mlango wa bati ukifungwa na upepo. Alipomaliza alifanya kinyume chake. Alizima sauti, akaitazama filamu ileile ikiwa bubu, akiandika nyuso, mikono, maji na mwanga. Kurasa za daftari zinatazamana: kushoto yaliyosikika, kulia yaliyoonekana. Kisha kwa kalamu nyekundu huchora vistari vinavyovuka mshono wa daftari, kuunganisha sauti ya huku na picha ya kule. Mara nyingi hivyo viwili havikutoka kwenye tukio moja.

Chumba chenyewe kipo Mwanga, Kigoma mjini, nyuma ya duka linalopiga picha za pasipoti na kuchapa kadi za harusi. Kazi inayolipa kodi ya pango ni video za harusi, na dada huyu, ambaye wateja humwita fundi tu, huzihariri kwa heshima zote. Filamu humfikia mara chache. Trela ni mara chache zaidi, na ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote. Nilikaa nyuma ya kiti chake jioni nyingi, na sijapata kuona mtu akisogeza kitu kidogo kiasi kile kwa uangalifu mkubwa kiasi kile.

Filamu aliyokuwa akiitengenezea trela safari hii ni ya vijana wa hukuhuku, imepigwa Kibirizi, Katonga na Ujiji. Boti ya dagaa inarudi ufukweni alfajiri, taa yake ingali inawaka, na ndani hamna mtu. Ni filamu ya mashaka, inayokaribia kutisha. Lakini ina harusi ndani yake, ina ugomvi wa sokoni, ina watoto wawili wanaochekesha kwelikweli. Ukiokota vipande vyake vizuri tu na kuvipanga, utatoka na trela ya filamu ya mapenzi, na hakuna atakayekulaumu kwamba umesema uongo. Kila shoti itakuwa imetoka humo. Anayekwenda kutoa pesa yake ana haki ya kujua anaingia kwenye muvi ya namna gani, na fundi anaamini kwamba ni lazima ajue ndani ya sekunde kumi za kwanza: kabla ya jina la filamu, kabla ya mhusika yeyote kufungua mdomo.

Sauti iliyomsumbua kwa muda mrefu ilikuwa ya karabai. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hutafuta dagaa na migebuka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu samaki huufuata mwanga wa taa na kukusanyika juu ya wavu. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi boti nyingi zina taa za betri na za sola, zinazomulika vizuri na hazitoi sauti yoyote. Kwa mvuvi ni nafuu kubwa. Kwa fundi lilikuwa pengo, maana shoti nzuri kuliko zote kwenye filamu, taa peke yake juu ya maji meusi, ilikuwa kimya kabisa.

Akaazima karabai kwa mzee mmoja wa Ujiji. Aliiweka sakafuni, akaziba dirisha kwa blanketi, akazima feni, akamwomba kijana wa dukani asifungue mlango. Akaanza kupampu. Kwanza inasikika pampu yenyewe, chuma kikisugua chuma. Halafu mafuta yanapanda, utambi unashika moto kwa pumzi moja fupi, na mvumo unaanza, mrefu, usiopanda wala kushuka. Alikisogeza kinasa sauti chake taratibu: hatua tatu kutoka kwenye taa, hatua moja, karibu na kioo, kisha chini kabisa pembeni ya tangi. Karibu na kioo mvumo ulikuwa mkali. Kwenye tangi ulikuwa mzito, na ndani yake mlikuwa na kitu kinachotetemeka. Alinasa kila mahali kwa dakika kadhaa, bila kuongea, jasho likimtiririka. Mwisho akalegeza koki ya upepo na kuinasa karabai ikifa. Mvumo ulishuka, ukakatikakatika, ukaisha kwa milio miwili mitatu ya bati linalopoa.

“Hapa ndipo ilipo trela,” alisema, akaandika dakika na sekunde kwenye ukurasa wa kushoto.

Nilimwelewa baadaye, alipoiweka kwenye kompyuta. Mvumo usiobadilika masikio huuzoea haraka, yakauacha. Mtazamaji hajui tena kwamba anausikia. Ukikatika ghafla, mwili unashtuka kabla akili haijatambua kilichopungua. Filamu za kutisha duniani kote zinategemea mlango huo mdogo, na wengi huuvunja kwa kupiga kelele. Yeye aliufungua kwa kuondoa.

Ufukwe huu una mfano wake mkubwa wa jinsi sauti inavyoamua picha ni ya aina gani. Kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma ipo Gombe, alikofika Jane Goodall Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Mwaka 1962 shirika la National Geographic lilimtuma mpigapicha Hugo van Lawick, naye akapiga filamu ya milimita 16, ya rangi, saa nyingi mno, bila sauti. Mwaka 1965 picha zake zilitoka kwenye televisheni ya Marekani katika filamu iitwayo Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, na sauti nzito ya Orson Welles ikasimulia. Sehemu kubwa ya mikanda ilibaki ghalani kwa miongo kadhaa. Ilipopatikana tena, zaidi ya saa 100, mwongozaji Brett Morgen akaifanya filamu ya Jane, iliyotoka mwaka 2017. Kwa kuwa picha zilikuwa bubu, sauti za msitu na za sokwe zilibidi kujengwa upya, na juu yake ukawekwa muziki wa Philip Glass. Msitu ni uleule, binti ni yuleyule, na mkono ulioshika kamera ni uleule. Lakini ya kwanza ni masimulizi ya msafara wa kisayansi, na ya pili inakaribia kuwa hadithi ya mapenzi: ya mtu na msitu, na ya mtu na aliyekuwa akimpiga picha. Fundi amezitazama zote mbili kwa makini. Anaitaja ya pili kila anapoletewa picha ambazo maiki yake haikuwashwa.

Sasa akaanza kujenga. Alichukua shoti ya mama aliyesimama Kibirizi akilitazama ziwa, dagaa wameanikwa mchangani pande zote, milima ya Kongo imefifia ng'ambo. Aliiweka peke yake kwenye mstari wa uhariri na kunionyesha jambo ambalo, nadhani, hulifanya kila mara kwa ajili yake mwenyewe. Aliweka chini yake gitaa la polepole, akairefusha shoti mpaka sekunde saba, akaifanya iyeyukie kwenye shoti ya maji. Mama yule akawa anamngoja mpenzi. Akaondoa gitaa, akaweka ngoma ya haraka, akaikata shoti baada ya sekunde moja na kuipachika injini inayowaka. Mama akawa anamwona adui akija. Akaondoa ngoma, akaweka zumari la mzaha, akalikata katikati ya pumzi pale mama alipogeuka. Nikacheka, na uso wa mama haukuwa umebadilika hata kidogo. Mwisho akafuta yote, akabaki na mvumo wa karabai peke yake, mchana kweupe, taa haionekani popote. Sikucheka tena.

Kila aina ya filamu ina mwendo wake, naye anaijua miendo hiyo mpaka kwenye vidole. Kwenye mapenzi mkato huchelewa, shoti moja huingia ndani ya nyingine. Kwenye vichekesho muziki husimama ili uso ufanye kazi. Kwenye mapigano mkato huangukia juu ya mdundo, na mfano wake mzuri kwa Afrika Mashariki ni trela ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. huko Wakaliga, Kampala, kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri. Iliwekwa YouTube mwaka 2010 na kutazamwa na mamilioni. Risasi, helikopta na mateke vinafuatana bila kumpa mtu nafasi ya kupepesa macho, na kila mlipuko unakuja pale sikio linapoutaka. Watu huzungumzia bajeti yake ndogo. Mimi naona kwanza nidhamu ya mikato yake. Kazi ya namna ile haitoki kwa kubahatisha.

Ya fundi wetu ilihitaji nidhamu ya kinyume: kuzuia. Shoti ambayo mwongozaji aliisisitiza zaidi ni ya boti tupu ikiegea mchangani. Ni nzuri, imepigwa alfajiri, mwanga wa taa na mwanga wa jua vikiwa sawasawa kwa dakika chache tu za siku. Fundi aliitazama mara nyingi. Kisha akaiondoa kwenye trela. Mahali pake aliweka nyuso za wanaoiona: mzee, kijana, mama yule, na mwanga wa njano ukitembea juu ya mashavu yao kadiri boti isiyoonekana inavyosogea. Mwongozaji alipokuja alikaa kimya kidogo, akasema, “Fundi, umenifichia boti yangu.” Akajibiwa, “Kaka, watakuja kuitafuta.” Hawakubishana. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote kwenye kazi ile.

Shoti aliyoiachia nafasi ni ya kamba. Kijana anashusha jiwe lililofungwa kamba kutoka ubavuni mwa boti, na kamba inakwenda, inakwenda, ikiteleza kwenye kiganja. Kanuni ya kawaida ingetaka sekunde mbili. Aliipa nane. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na aliyekulia Kigoma hahitaji kuambiwa maana ya kamba isiyofika chini.

Kazi niliyoifurahia kuliko zote ilikuwa ya kasia. Mkato unatoka kwenye uso wa mama kwenda kwenye kasia linalozama majini. Kompyuta yake imepangwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, kitu ambacho sikutegemea jicho la binadamu lingejali. Aliweka sauti ya maji palepale picha ya kasia inapoanza. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa imekufa. Akaivuta sauti nyuma fremu mbili. Akacheza, akasikiliza. Nne. Akafumba macho, akacheza tena. Saba: maji yakasikika tukiwa bado tunamtazama mama, na machoni mwake mkaonekana kwamba amesikia kitu usiku, ingawa shoti ile ilipigwa mchana mahali pengine na hakukuwa na maji yoyote. Nane ilikuwa imepita kiasi, sauti ikatengana na kasia. Akarudi saba. Hakusema neno. Alikunywa chai yake, iliyokuwa imeshapoa, akahamia kwenye mkato uliofuata, na huko akaanza upya na sufuri, kwa sababu saba ya hapa haimsaidii kule.

Rangi alizishika baadaye. Jua la Kigoma kiangazi huwa la njano na lenye vumbi, na njano hiyo macho huichukulia kuwa furaha. Aliipunguza taratibu, akaongeza ubaridi kwenye vivuli, mpaka dagaa mchangani wakatoka kwenye rangi ya dhahabu na kuwa wa kijivu kinachong'aa. Hapo wengi huishia. Yeye alirudi akashughulikia nyuso moja moja, kwa sababu ubaridi ukiingia kwenye ngozi nyeusi huifanya iwe na majivu, na mtu aliye hai akaonekana mgonjwa. Alizungushia kila uso mpaka wake, akarudisha wekundu kidogo chini ya mashavu, fremu kwa fremu pale mtu alipogeuka. Ziwa likabaki baridi, watu wakabaki na damu. Ukilinganisha na ilivyokuwa huwezi kusema ni nini hasa kimebadilika, ila unajua kwamba hutaki yule kijana apande boti.

Lilikuja suala la msimulizi. Watazamaji wetu wamelelewa na sauti. Kwenye mabanda umiza ya kuonyeshea video, Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Mukandala, alizitafsiri filamu za ng'ambo kwa Kiswahili, akiwa yeye ndiye steringi, yeye ndiye adui, na yeye ndiye anayekueleza kwa nini wanapigana. Trela nyingi za bongo muvi zilirithi msimulizi wa namna hiyo, sauti nene inayotaja waigizaji na kuahidi machozi. Fundi anaiheshimu sanaa hiyo, na mapigano na vichekesho anavyohariri huwa anaviwekea msimulizi. Hapa alikataa. Msimulizi humshika mtazamaji mkono, na kwenye filamu ya mashaka mtu lazima aachwe peke yake. Aliacha sentensi moja tu kutoka kwenye mazungumzo ya filamu, ya yule mzee: “Taa ilikuwa inawaka.” Aliisafisha upepo, akaitenga na kila kitu, akaiweka baada ya karabai kufa, sekunde moja na nusu ndani ya kimya. Jina la filamu likafuata kwa herufi nyeupe, ndogo kuliko mwongozaji alivyopenda, bila kumeremeta wala kuzunguka.

Kisha akaijaribu. Kwanza kwenye simu, kwa sababu wengi watakutana nayo WhatsApp. Spika ya simu haina besi, na ule uzito aliounasa chini ya tangi la karabai ulipotea wote. Kilichobaki ni mlio mwembamba wa mafuta. Hakuongeza sauti, jambo ambalo ndilo ningelifanya mimi. Alichukua mnaso wa hatua moja, wenye mlio wa katikati, akauchanganya chini kwa chini na ule mzito, ili kwenye spika kubwa usikike mmoja na kwenye simu mwingine, na vyote viwili vikatike mahali pamoja.

Jaribio la pili lilikuwa kwenye banda umiza la Gungu, kabla ya mechi, watu wakiwa wamejaa mabenchi. Alisimama mbele, mgongo kwa kioo, akawatazama watazamaji. Walinyamaza kwenye kamba. Walinyamaza zaidi kwenye nyuso. Lakini kijana alipogeuka kuitazama boti, vijana wawili wa mbele walicheka. Usiku huo aliirudia shoti hiyo mpaka akapata sababu: uso wa kijana ulikuwa ukikaa kidogo baada ya mshtuko wake kwisha, na mwishoni kabisa midomo ilianza kulegea kuelekea tabasamu, mwigizaji akijua kwamba amefanya vizuri. Zilikuwa fremu sita. Alizikata, na kwa kuwa kila kilichofuata kilisogea nyuma fremu sita, ilibidi aipitie upya mikato yote ya baada ya hapo, kasia likiwamo, ambalo safari hii lilitaka fremu sita badala ya saba. Waliporudia kuionyesha kwenye banda lilelile hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliuliza filamu yenyewe inaonyeshwa lini.

Kesho yake nilimkuta ameanza toleo la wima, kwa ajili ya wanaotazama simu bila kuilaza. Fremu iliyosimama haiwezi kubeba ufukwe mzima, mama, dagaa na milima kwa pamoja, wala nyuso tatu zilizopangana, kwa hiyo alikuwa amefungua ukurasa mpya wa daftari na kuzitazama shoti zote tena, moja baada ya nyingine, sauti ikiwa imezimwa.